Mizunguko 500, lakini sodiamu ilikuwa kiasi gani?

Ukisoma tafiti za betri za metali ya sodiamu utaizoea grafu hii: bila kiongezi betri inakufa mapema, ukitia FEC kidogo kwenye elektroliti, inadunda mamia ya mizunguko ya kuchaji na kutumia. Inavutia. Lakini ngoja kwanza.

FEC inafanya kazi kweli. Inavunjika kabla ya kiyeyushi na kuacha juu ya anodi utando wenye floridi ya sodiamu, unaopunguza sindano za metali zinazoweza kuleta shoti. Tatizo ni kipimo. Mara nyingi anodi huwa kipande kinene, chenye sodiamu kupita mahitaji. Piga hesabu: kila mzunguko ukirudisha 99% tu, betri isiyo na akiba hubaki na 37% hivi baada ya mizunguko 100. Weka sodiamu mara 10, na hasara ileile itajificha hadi mzunguko wa 900 hivi. Yaani akiba inafanya kazi, kiongezi kinapewa sifa.

Halafu, kinalinganishwa na nini? Mwaka 2015 kundi la Yi Cui, Stanford, lilipata wastani wa 99.9% kwa mizunguko 300 bila kiongezi, kwa kuyeyusha chumvi ya NaPF6 kwenye glaimu. Kuishinda elektroliti dhaifu si ushindi mkubwa.

Basi ukikutana na grafu hiyo, nenda sehemu ya mbinu. Tafuta unene wa sodiamu, na ujazo wa elektroliti pia, maana FEC nayo huisha. Visipoandikwa, usipige makofi bado.