Jalada Nyuma ya Ukuta: Uhakiki wa Filamu ya Journal 64

Filamu ya Journal 64 (2018), iliyoongozwa na Christoffer Boe kutokana na riwaya ya Jussi Adler-Olsen wa Denmark, inaanza kwa mafundi wanaobomoa ukuta katika nyumba moja mjini Copenhagen. Nyuma ya ukuta huo wanakuta maiti tatu zilizokauka, zimeketishwa mezani. Kiti cha nne ki tupu. Kazi inawaangukia Carl Mørck na Assad wa Idara ya Q, ambayo hushughulikia kesi za zamani zilizokwisha kuwekwa kando.

Upelelezi unawafikisha Sprogø, kisiwa kidogo kilichoko kati ya visiwa vya Sjælland na Fyn. Hapa ndipo hadithi inapokutana na historia. Tangu mwaka 1923 hadi 1961 palikuwa na taasisi kisiwani humo walimofungiwa wanawake walioitwa wapungufu wa akili au wa maadili. Wengi wao waliondolewa uwezo wa kuzaa, chini ya sheria zilizopitishwa mwaka 1929 na 1934.

Kwa upande wa fani, filamu imefaulu. Kile kiti kitupu kinazusha taharuki bila maelezo mengi, na maisha ya Nete, msichana aliyepelekwa kisiwani, yanasukwa vizuri pamoja na upelelezi wa leo. Uhusiano wa wapelelezi wawili nao umechorwa kwa makini. Assad yu karibu kuhamia idara nyingine, na Carl hawezi kutamka neno la kumzuia. Ukimya huo mdogo unaakisi ukimya mkubwa wa jamii nzima.

Kasoro imo katika dhamira. Hatia yote inatwikwa Curt Wad na chama cha siri cha madaktari ambacho bado kinawadhuru wanawake wa familia za wahamiaji. Ni kweli kwamba msanii anatuonya kuwa fikra za kale hazijafa. Lakini sheria ya mwaka 1929 haikuwa siri. Ilijadiliwa bungeni, ikatiwa sahihi, ikatekelezwa na watumishi waliolipwa mishahara ya serikali. Jambo lililotendwa mchana, filamu imelificha nyuma ya ukuta. Mtazamaji anaondoka ameridhika kwamba waovu wamepatikana, ilhali kikulacho ki nguoni mwako.

Msomaji wa Kiswahili atakumbuka Mzimu wa Watu wa Kale (1960) ya Muhammed Said Abdulla. Bwana Msa hakubali mzimu utwikwe kosa la binadamu. Anautafuta mkono wa mtu. Journal 64 ilihitaji kwenda hatua moja mbele zaidi, kutoka mkono wa mtu hadi sheria iliyouongoza mkono huo. Badala yake inarudi nyuma, kwani chama cha siri hapa ni mzimu mpya unaobebeshwa makosa ya dola.

Hata hivyo, anwani ya filamu ina hekima kuliko kisa chake. Journal kwa Kidenmaki ni jalada la mgonjwa, na 64 ni nambari iliyochukua nafasi ya jina la mtu. Nambari haitolewi na mwendawazimu mmoja. Hutolewa na karani, ofisini, kwa utaratibu. Filamu hii yafaa kutazamwa na kujadiliwa, mradi mtazamaji alisome jalada lenyewe na asitosheke na kubomolewa kwa ukuta.