Takhmisi ya Wachoraji

Jalada la toleo la kwanza la Action Comics, kitabu cha katuni cha Marekani cha Juni 1938, lilichorwa na Joe Shuster. Superman ameinua motokaa na kuigongesha kwenye jabali. Mbele mtu mmoja akimbia kwa hofu, mikono kichwani. Tangu hapo wachoraji wengi wamelichora upya jalada hilo, wakibadili shujaa au mzigo na kuacha umbo lile lile, ili kumheshimu mtangulizi.

Washairi wa Kiswahili waijua kazi ya namna hii. Katika Takhmisi ya Liyongo, Sayyid Abdallah bin Nasir alitanguliza vipande vitatu vyake mbele ya viwili vya wimbo wa kale. Cha kale kikabaki kizima, na kipya kikakizidishia maana. Kipimo hicho chafaa hapa pia. Mchoraji abadiliye vazi tu amenakili. Lakini amwekaye mnyonge mahali pa shujaa, au amvutaye mtazamaji amwangalie akimbiaye badala ya ainuaye, huyo ameongeza kipande chake.

Limebaki jina. Shuster na mwandishi mwenziwe, Jerry Siegel, waliuza haki ya Superman kwa dola 130. Hata mwaka 1975 ndipo kampuni ilipokubali kuwalipa kila mwaka na kuyarudisha majina yao. Kwa hiyo desturi ya baadhi ya wachoraji, kuandika jina la mtangulizi kando ya sahihi yao, si adabu ya bure. Kuuheshimu mkono na kulificha jina ni nusu ya heshima.