Fundi wa Mashine ya Vyombo

Saa nane mchana, jiko linalohudumia migahawa mitatu: sahani zimerundikana, mashine ya kuoshea vyombo imegoma, na wapishi wanatupiana lawama. Fundi akifika hashiki bisibisi kwanza. Anauliza, kisha anaisikiliza mashine.

Sahani zikitoka na mafuta, huzima umeme na kuchomoa chujio. Mara nyingi limejaa wali. Mikono ya kurushia maji ikizunguka kivivu, matundu yake huzibuliwa kwa kijiti cha meno. Ugumu uko kwenye chokaa. Maji ya visima vya pwani, yaliyopita katika mawe ya matumbawe, huiacha imeganda kwenye hita, na maji ya kusuuzia yanashindwa kufika nyuzi 82 zinazohitajika kuua vijidudu. Hapo kuongeza sabuni ni kupoteza sabuni tu. Dawa yake ni tindikali ya kuondolea chokaa.

Josephine Cochrane wa Marekani alipata hataza ya mashine yake ya kuoshea vyombo mwaka 1886, na hoteli zikawa miongoni mwa wateja wake wa mwanzo. Wachache humtaja George Butters, makanika aliyemsaidia kuiunda. (Mafundi wamezoea.)

Basi wapishi, kabla hamjampigia fundi simu tena, safisheni chujio.