Mwanamgambo ni mwana wa mgambo gani?

JUMA lililopita, mwanafunzi wangu mmoja kutoka Tanga alinifuata nje ya darasa hapa Tudor.

“Shikamoo, Profesa.”

“Marahaba, mwanangu.”

Akanionyesha habari kwenye simu: wanamgambo wa Al-Shabaab wameshambulia kituo cha polisi. “Profesa, baba yangu ni mgambo. Mbona huku kwenu mgambo ni muuaji?”

Sikuwa na jibu la haraka. Leo nalijaribu.

Mgambo, katika ngeli ya U-I, ulikuwa mwito wa kuwakusanya watu wote. Pembe ilipulizwa, watu wakatoka majumbani kusikiliza. Ndiyo maana wahenga walisema mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Hapo hapana bunduki. Pana jamii inayoitana.

‘Mwana’ nalo, likitangulia nomino, huonyesha kuwa mtu ni wa kitu fulani: mwanachama, mwanajeshi, mwanamaji. Kwa hivyo mwanamgambo ni mtu aliyeitikia mwito wa umma.

Tanzania ilishikilia maana hiyo. Baada ya Mwongozo wa TANU wa 1971, raia walifunzwa silaha vijijini na makazini, wakaitwa jeshi la mgambo. Vita vya Kagera vilipozuka 1978, mgambo walipigana bega kwa bega na wanajeshi. Leo yupo pia mgambo wa mji, yule anayewakimbiza wamachinga. Wamachinga hawampendi, lakini wanajua fika nani kamtuma.

Sisi Wakenya tulichukua neno, pembe tukaiacha. Wapiganaji wa SLDF kule Mlima Elgon, 2006 hadi 2008, tuliwaita wanamgambo. Al-Shabaab, wanamgambo. Mai-Mai wa Kongo, wanamgambo. Tulipofika kwa M23, ghafla tukasema waasi, wala hatukueleza tofauti ni ipi.

Najua wapo watakaosema, “Profesa, lugha hukua, acha hizo.” Kweli hukua. Lakini neno moja likibeba askari wa akiba, walinzi wa kijiji na magaidi, mwandishi huwa amekwepa swali ambalo msomaji alitaka kujibiwa: huyu mwenye bunduki katumwa na nani?

Mai-Mai wengi walianza kama vijana waliojikusanya kulinda vijiji vyao. Hao neno linawakaa, ijapokuwa baadhi yao waligeuka wanyang’anyi. Lakini Al-Shabaab, ni kijiji gani kiliwapulizia pembe? Waitwe magaidi. Mhariri asiyetaka kuhukumu ana ‘wapiganaji’, ana ‘kundi lenye silaha’. Kiswahili hakijamnyima maneno.

Nilipokutana tena na kijana yule nilimwambia, “Msalimie baba. Mwambie kazi yake ina jina zuri, ni sisi tuliolichafua.”