Ekwefi Mlangoni pa Pango: Mhusika Mdogo katika Shujaa Okonkwo

Jina Shujaa Okonkwo, ambalo Clement Ndulute aliipa tafsiri yake (1973) ya riwaya ya Chinua Achebe, Things Fall Apart (1958), humwelekeza msomaji wa Kiswahili amtazame mtu mmoja. Pengine ndiyo sababu wanafunzi wangu, mwaka hata mwaka, humtaja Ekwefi kama mfano wa mke anayeonewa tu: alikata majani ya mgomba, mumewe akampiga, basi. Usomaji huo si wa uongo, ila umeishia mapema mno.

Tuanze na majina. Ekwefi alizaa watoto kumi, tisa wakafa. Msimulizi anafasiri majina matatu ya marehemu hao, na kila moja ni kauli kamili. Onwumbiko humsihi Kifo ana kwa ana, katika nafsi ya pili. Ozoemena huomba msiba usirudi, bila kumtaja anayeombwa. Onwuma humwachia Kifo afanye apendavyo. Hapo amekwisha kuwa nafsi ya tatu, hasemeshwi tena. Jamii zetu zinazowaita watoto Tabu au Mashaka zitaielewa desturi hii, lakini mfuatano wa majina haya unaonyesha mama anayekata tamaa hatua kwa hatua. Jina la mtoto wa kumi, Ezinma, halimtaji Kifo kabisa.

Katika Sura ya 11, Chielo, kuhani wa kike wa Agbala, anambeba Ezinma mgongoni usiku. Ekwefi anafuata ingawa ameonywa. Safari nzima twaipata kwa macho na masikio yake. Okonkwo atokeapo na panga mlangoni pa pango, yeye ndiye mhusika mdogo. Ekwefi amekwisha kuapa moyoni kwamba akimsikia mwanawe akilia, ataingia kumtetea dhidi ya miungu yote.

Agbala huyo huyo ndiye aliyeamuru Ikemefuna auawe. Mzee Ezeudu alimwonya Okonkwo asishiriki, kwa kuwa kijana alimwita baba. Akashiriki, kwa kuogopa kuonekana dhaifu. Itasemwa kwamba visa hivi havilingani, maana Agbala hakutaka uhai wa Ezinma. Ni kweli, lakini Ekwefi hakulijua hilo gizani. Alimfuata kuhani bila ruhusa, na alfajiri mtoto akarudishwa salama kitandani. Hakuna adhabu yoyote inayosimuliwa. Kwa hiyo siwezi kukubali dai kwamba mila za Umuofia hazikumwachia Okonkwo njia nyingine. Mkewe aliipata, tena bila mzee wa kumshauri.

Okonkwo naye aliifahamu. Sura ya 12 inafichua kwamba usiku ule, bila kuonyesha wasiwasi wake, alikwenda pangoni mara nne, na ni mara ya nne tu alipomkuta Ekwefi.