Shingo ya Kigumba

Mkusanyaji aliyebobea wa vigumba vya mishale ya kuwindia hana haraka na makali. Mkabidhi kigumba cha zamani, atakigeuza aanze na shingo, yaani ule mrija unaovishwa kwenye ncha ya uti. Makali kila mwenye tupa amekwisha kuyapitia, na kwa kunolewa miaka nenda miaka rudi hata umbo hubadilika. Shingo haina anayehangaika nayo, kwa hiyo mkono wa fundi wa kwanza bado unaonekana hapo.

Makao ya kazi hii ni Marekani, ambako uwindaji wa upinde ulifufuliwa karne iliyopita. Daktari Saxton Pope wa San Francisco alijifunza upinde kwa Ishi, mtu wa kabila la Yahi aliyejitokeza Oroville, California, mwaka 1911. Ishi alipofariki mwaka 1916, Pope aliendelea na mwenzake Arthur Young, na mwaka 1925 wakafika hadi Tanganyika kuwinda simba kwa mishale. Vigumba vyao walivitengeneza wenyewe: bapa la chuma cha springi lilichomekwa kwenye mpasuo wa mrija, kisha likalehemiwa. Bidhaa za dukani zikafuata. Cliff Zwickey wa Minnesota alianza na Black Diamond yake mwaka 1938. Fred Bear wa Michigan akatoa Razorhead mwaka 1956, yenye wembe wa ziada unaochomeka na kuchomoka.

Historia hiyo yote mjuzi huisoma kwenye maungio. Chini ya lenzi, mpasuo uliokatwa kwa msumeno wa mkono huyumba kidogo, na lehemu iliyofurika huwa imekwanguliwa kwa tupa, mikwaruzo ikienda huku na huku. Bapa lililokatwa kwa mashine lina ukingo uliojikunja upande mmoja, na kila pacha wake anao ukingo ule ule. Kisha huja sumaku, kutenganisha chuma na alumini, na kalipa, kupima uti uliokuwa ukiingia humo. Kigumba cha kuskrubu kikisemwa ni cha miaka ya 1940, mazungumzo yameishia hapo, maana skrubu zilienea baadaye, mishale ya alumini iliposhika soko. Namba ya hataza nayo ina mtego wake: inaonyesha kwamba kigumba hakiwezi kuwa cha kabla ya hataza ile, lakini kiwanda kingeweza kuendelea kuigonga namba hiyo hiyo kwa miaka mingi.

Kutu ndiyo mtihani mkubwa. Kutu ya miaka huwa ya kahawia iliyoiva, karibu nyeusi, imekula chuma kwa vishimo visivyolingana. Ile iliyoharakishwa kwa asidi huwa ya rangi ya machungwa, imetanda sawasawa na kuacha unga kidoleni. Hapo mjuzi huchungulia ndani ya mrija. Mahali palipofunikwa na mti na gundi hapapaswi kuoza sawa na nje, na kibanzi kidogo cha uti wa zamani kilichonasa humo kina thamani kuliko mng'ao wowote. Ndiyo maana anayekisugua kigumba ili kipendeze anaharibu ushahidi, na hautarudi tena.

Mfano wa ustadi huu ninaoupenda kuliko yote hauhusu chuma kabisa. Ishi alichonga vigumba vya mawe ya obsidiani na vioo vya chupa kwenye makumbusho ya San Francisco alikoishi, kwa kumemenya vipande vidogo vidogo kwa ncha ya pembe au ya chuma. Miaka ya 1990, mwanaakiolojia M. Steven Shackley wa Berkeley alivilinganisha na vile vilivyofukuliwa kwenye maskani ya kale ya Wayahi. Havikufanana. Vya Wayahi vilikuwa vifupi na vipana. Vya Ishi ni virefu, vimepigwa pengo ubavuni, mtindo wa majirani zao Wawintu na Wanomlaki. Shackley akaona kwamba huenda Ishi alifunzwa na ndugu wa upande huo, au yeye mwenyewe alikuwa na damu yao. Watu walimhoji Ishi kwa miaka, wakarekodi hata sauti yake, lakini jambo hili lilibaki kwenye pengo la ubavuni, likisubiri jicho lenye subira.

Kwa hiyo kigumba kinachouzwa kwa maelezo kwamba kilikuwa kwenye podo la Pope kule Tanganyika kinastahili maswali mengi kuliko cha kawaida, si machache. Mkusanyaji ninayemheshimu huandika kwenye lebo kipimo, aina ya lehemu, na alikipata kwa nani. Sehemu ya jina la fundi huiacha wazi hadi maungio yenyewe yathibitishe, hata kama jina hilo lingepandisha bei maradufu.