Mifupa Haitaji Jina la Mnyonyeshaji

Richard Burton, aliyefika Kazeh (Tabora ya leo) Novemba 1857, aliandika katika kitabu chake cha 1860 kuwa Wanyamwezi humnyonyesha mtoto mpaka mwisho wa mwaka wa pili. Msomaji Mwislamu aweza kufurahi na kudhani kuwa Waarabu wa misafara ndio waliowafundisha. Tusiharakishe. Burton alikuwa akieleza desturi ya wenyeji. Na Qur'ani (2:233) imetaja miaka miwili kamili kwa anayetaka kutimiza, ikawaruhusu wazazi kumwachisha mtoto mapema kwa kuridhiana na kushauriana.

Siku hizi wataalamu hupima mifupa ya kale. Mtoto anyonyaye huwa na naitrojeni nzito kuliko mama yake, kiasi cha sehemu 2 hadi 3 kwa elfu, nayo hushuka kadiri uji unavyochukua nafasi ya maziwa. Ni elimu nzuri, hatuipingi. Ila mifupa ya mtoto ni ya mtoto aliyekufa, na huenda alinyonya vingine kwa sababu ya maradhi. Ndiyo maana wengine hupima meno ya watu wazima, yaliyoota utotoni.

Kasoro kubwa iko kwingine. Kipimo hicho kinaonyesha mtoto aliacha ziwa lini, hakisemi lilikuwa ziwa la nani. Kwa fiqhi hilo ndilo swali lenyewe. Kanyenye ilikuwa mahali pa misafara, penye majumba ya wafanyabiashara, wajakazi, na wanawake waliofuatana na wapagazi. Ikiwa mtoto wa tajiri alinyonyeshwa na mjakazi, basi watoto wa mjakazi yule ni ndugu zake, na kuoana kwao ni haramu, hata kama mmoja ni muungwana na mwingine mtumwa. Imamu Shafi anataka manyonyo matano ndani ya miaka miwili. Abu Hanifa anatosheka na moja, na muda kwake ni miezi thelathini. Manyonyo matano hayaachi alama yoyote mfupani, seuze moja!

Wala sentensi ya Burton haitusaidii hapo. Mtafiti atakayekwenda Kanyenye aanze na mabibi, awaulize nani alimnyonyesha mtoto wa nani, na mara ngapi, kabla hajaomba kufukua makaburi, jambo ambalo mafaqihi hawalijuzishi ila kwa dharura.